Ami, nichukue Rolex Explorer au Omega Aqua Terra? Nataka saa moja tu mpaka nizikwe

Assalamu alaykum Ami. Nimeamua kukuandikia maana hili jambo nazunguka nalo peke yangu mwezi wa saba sasa na kila nikilala usiku nishachagua hii, nikiamka asubuhi nishachagua ile.

Mie Mpemba, kwetu Wete, ila niko Unguja mwaka wa 18 huu, nna banda la ufundi wa mashine za boti huku Malindi. Alhamdulillahi riziki inapatikana. Nyumba nishamaliza, deni la mtu sina, mama nishampeleka Hija, zaka natoa. Sasa nataka kitu kimoja cha kwangu mwenyewe, saa nzuri, moja tu, ya kuvaa kazini, msikitini, harusini, baharini, sitaki kabati la saa wala sitaki ya pili.

Chanzo ni marehemu baba. Alikuwa na Seiko 5 aliyonunua kwa pesa ya karafuu, mwaka mzao ulipokuwa mkubwa, na ile saa hakuivua mpaka alipokufa. Aliiweka kwa saa zetu, jua likichomoza inasoma 12, sio kama hizi za leo ambazo tunasoma 7 mdomoni tunasema saa moja. Ila ilikuwa na ugonjwa mmoja, kile kidirisha cha tarehe kikiruka magharibi. Sisi bado tuko macho, hata chakula cha usiku hatujala, saa ya baba ishasema tarehe ya kesho. Mafundi walimwambia ni mbovu, yeye akicheka tu, na kila ikisimama akiiweka upya ugonjwa unarudi ule ule. Alipofariki ilichukuliwa na kaka yangu, akaenda nayo kuvua, ikaingia maji chumvi, ndani ya wiki mbili kutu tupu, ikatupwa. Iliniuma sana Ami, mpaka leo.

Sasa nnazozitaka ni mbili. Rolex Explorer ya milimita 36 na Omega Seamaster Aqua Terra ya milimita 38, zote za chuma. Mkono wangu mwembamba, nimeupima sentimita 16. Moyo unaelekea Explorer kwa sababu haina tarehe, maana nataka niiweke kwa saa zetu kama baba na sitaki ule ugonjwa wa tarehe unirudie. Lakini kila risiti nnayoandika kazini nauliza vijana leo tarehe ngapi, kwa hiyo tarehe yenyewe naihitaji. Hapo ndo nnapokwama.

Hii nnayovaa sasa hivi ni ya atomatiki ya bei ndogo, ilikuwa inakwenda vizuri tu, mwaka huu imeanza kukimbia dakika tano mpaka sita kwa siku. Fundi kasema imechoka.

Mambo mawili ya mwisho. Nnataka ije kuwa ya mwanangu wa kiume, ana miaka tisa, nna na mabinti wawili wakubwa zake. Na mke wangu nimemwambia saa yenyewe ni milioni tano. Hiyo si kweli, nawe unajua. Hata hiyo milioni tano alisema ni israfu. Dubai nakwenda mwezi ujao kufata spea. Nisaidie Ami.

Fundi wa Malindi

---

Wa alaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu ilikuwa kwa sababu ya baba yako, nitamrudia chini huko, kwanza tuanze na hiyo saa ulonayo mkononi.

Haijachoka hiyo. Imeingia sumaku. Wewe kazi yako ni mashine za boti, si ndio? Ukifungua kifuniko cha juu unakutana na flaiwili, lile gurudumu zito linalozunguka na mashine, na ndani ya flaiwili mna sumaku kubwa kubwa ndizo zinazotengeneza moto wa plagi, na wewe mkono wako unapita pale kila siku ya Mungu na saa iko juu yake. Ndani ya saa ya makanika kuna springi nyembamba kama unywele, inakunjuka na kukunjika mara nyingi kila sekunde, ndio roho ya saa. Ikishika sumaku ile mizunguko yake inanatana, springi inakuwa kama imefupishwa, basi saa inakimbia. Sio sekunde, inakimbia madakika kama yako hivyo. Kama unataka uhakika chukua dira ndogo ya baharini, hata ile ya kwenye simu, isogeze karibu na saa, sindano ikicheza na kuifuata saa basi jawabu unalo. Na dawa yake ni nyepesi mno, fundi mwenye kimashine cha kutoa sumaku anaimaliza kwa sekunde chache bila hata kuifungua. Ukikubali kuambiwa imechoka utaitupa saa nzima bure.

Nimekuambia hilo kwanza kwa sababu ndilo linaloamua kesi yako. Chukua Aqua Terra.

Maana watu wengi wakilinganisha hizi mbili wanaanza na jina, lipi kubwa, lipi likitajwa barazani watu wananyamaza. Saa ya pekee haichaguliwi hivyo, mtu mwenye saa sita akikosea moja ataivaa Idi na Idi, wewe ukikosea umekosea kila siku mpaka nywele zote ziwe nyeupe. Lazima uangalie mkono wako unapita wapi tangu alfajiri mpaka unalala. Wako unapita kwenye sumaku, kwenye grisi, kwenye maji chumvi, na kwenye maji ya udhu mara tano.

Omega hii ndani yake mna mashine inaitwa 8800, ina cheti cha Master Chronometer, hicho kinasimamiwa na METAS ambayo ni taasisi ya vipimo ya serikali ya Uswisi, na mtihani mmojawapo ni kuiweka saa kwenye sumaku ya gauss 15,000 (gauss ni kipimo cha nguvu ya sumaku) ikiwa inatembea, kisha inapimwa kama bado iko sawa. Springi yake ni ya silikoni, na silikoni haishiki sumaku. Flaiwili zako hazitaifanya kitu. Na kwa siku inaruhusiwa kwenda mbele sekunde 5 mwisho, kurudi nyuma hairuhusiwi hata moja.

Nisiwe dhalimu lakini kwa Explorer, mie naipenda ile saa wallahi. Ilitoka mwaka 1953, mwaka ule ule Hillary na Tenzing walipofika kilele cha Everest, na uso wake mpaka leo ni ule wa kusomeka upesi, 3 na 6 na 9 zimeandikwa kubwa, na ukifikiria kwa saa zetu hizo ndo saa tatu ya kufungua kazi, saa sita mchana na saa tisa unaposubiri alasiri. Mashine yake 3230 inakaa masaa 70 bila kuvaliwa, yenyewe Rolex wanaipa sekunde mbili mbele au mbili nyuma kwa siku, na springi yake nayo, wanaiita Parachrom, inastahamili sumaku vizuri kuliko za kawaida. Cheni yake ina kitu wanakiita Easylink, unaifungua kidogo inaongezeka milimita 5, na kwa joto letu la Januari na Februari mkono unapovimba mchana hiyo ni neema kubwa, hapo Explorer inashinda na sitaki kukuficha. Ingekuwa wewe mwalimu wa skuli au mfanyabiashara wa vitambaa ningekwambia ichukue na usirudi nyuma. Lakini wewe fundi wa mashine za boti, na ukiweka kifaa chako kimoja cha maisha nataka kiwe kile kilichopimwa kwa adui wako hasa.

Maji yasikusumbue. Explorer imepimwa mita 100, Aqua Terra mita 150, na wewe huzamii hata 10, zote zitakutosha na zote kile kichwa cha pembeni cha kutilia ufunguo kinakazwa kwa kuzungushwa kama kifuniko cha chupa. Kilichoiua Seiko ya mzee si kina cha bahari, ni mpira. Ndani ya saa mna mipira midogo ya kuzuia maji, inakauka na kukatika kwa miaka, saa imevaliwa maisha yote ya mtu halafu mpira ni ule ule, mwenzio akaitia baharini. Kwa hiyo hii yako mpya kila ukiipeleka sevisi waambie wabadilishe mipira na waipime maji, na katikati hapo usimpe mtu yeyote aifungue mgongo kama hana mashine ya kuipima maji baada ya kuifunga, hata awe fundi mzuri vipi. Ukitoka baharini hakikisha kichwa kimekazwa kisha ipitishe kwenye maji ya bomba, chumvi ikikaukia kwenye cheni inakula pini taratibu na siku moja utaikuta saa imeanguka na wewe hujui imeangukia wapi.

Na hapo hapo udhu. Kuna watu wanaisukuma tu juu ya mkono na kuna wanaoivua, mradi maji yafike chini yake. Ukiivua itie kwenye mfuko wa kanzu. Usiiweke juu ya ukuta pale penye mabomba, nimeshuhudia saa ngapi zimebaki msikitini kwa kusikia ikama na kukimbilia safu!

Sasa pesa. Ukiingia dukani Dubai utakuta zote mbili ziko kati ya dola 6,000 na 8,000 hivi, Explorer juu kidogo, kwa shilingi yetu ya leo ni kama milioni 15 mpaka 21. Explorer unaweza usiikute hata ukiwa na pesa mkononi, wanaandika jina lako ungoje, na ukishindwa kungoja utaingia kwa wauza mkononi ndo hapo bei inapanda na feki zinapoanza. Omega aghlabu unaikuta, unajaribu, unalipa, unatoka nayo. Ila ujue Rolex ukija kuiuza inashika bei, Omega inapoteza sehemu nzuri pale tu unapotoka mlangoni. Wewe umesema huuzi, basi hilo si lako. Nenda kwa wakala halali, upate kadi ya warantii ya miaka 5 imejazwa tarehe na namba ya saa, na mwambie mapema kwamba wewe ni mgeni unataka risiti ya kurudishiwa VAT, ile ni asilimia 5 na sehemu yake kubwa inarudi, lakini lazima uipitishe pale uwanja wa ndege kabla hujakabidhi mizigo. Akikuonyesha ile Explorer yenye dhahabu katikati ya cheni mwambie ahsante, dhahabu kwa mwanamme unajua hukumu yake. Na sevisi weka akilini kuanzia leo, kila miaka mitano mpaka minane hivi, ni mamia ya dola, na saa itasafiri.

Lakini hutonunua chochote mpaka umwambie mkeo bei ya kweli.

Hili nasema kwa uzito wote mwanangu. Umemwambia milioni tano. Utavaa mkononi kila siku kitu ambacho kila ukikitazama kinakukumbusha umemdanganya mwenzio, na siku atakayoijua, na ataijua maana mjini hapa watu wanajua bei za vitu na midomo wanayo, haitokuwa tena habari ya saa. Kaa naye, mwambie ni kiasi gani, mwambie na habari ya mzee wako kama ulivyoniandikia mimi, maana nahisi hilo hujamwambia, umemwambia saa tu. Akisema bado ni israfu msikilize, huenda kuna jambo la nyumba au la mabinti analiona yeye hulioni wewe. Kama ni la kungoja mwaka ngoja mwaka, Omega hawafungi kiwanda. Mie siiti israfu kwa mtu aliyekwisha kutoa haki za watu na anaenunua kitu kimoja cha kumtumikia miaka 40, lakini mie si ninaelala nyumba hiyo.

Na kuhusu mtoto wa kiume, mimi si sheikh, ila unajua kama ninavyojua kwamba hakuna wasia kwa mrithi. Ukifa nayo mkononi inaingia kwenye mirathi na mabinti wana haki yao humo, usimwachie mtoto ugomvi na dada zake. Ukitaka iwe yake mpe ungali hai, umkabidhi kweli aivae, na mabinti nao uwape kitu cha kulingana, kisha kamuulize sheikh wako akupangie vizuri. Ana miaka tisa, una muda.

Sasa nirudi kwa mzee.

Ile Seiko haikuwa mbovu. Fikiria hivi, saa yoyote ya tarehe inairusha tarehe mishale inapokutana kwenye 12, lakini ndani ya siku moja mishale inakutana kwenye 12 mara mbili, na tarehe inaruka mara moja tu katika hizo mbili. Ukiiweka saa kwa hesabu yetu, 12 zako ni mbili, ya alfajiri na ya magharibi. Mtu asiyejali akiiweka ovyo kuna siku itaangukia alfajiri na kuna siku itaangukia magharibi, bahati tu. Wewe umeniandikia kwamba kila ikisimama akiiweka upya ugonjwa unarudi ule ule, magharibi, miaka yote. Hiyo si bahati. Baba yako alikuwa akiisikiliza mpaka aipate ile 12 anayoitaka. Siku yetu inaanza jua likizama, usiku wa Ijumaa ni ule wa kuamkia Ijumaa, mwezi wa Ramadhani tunauandama magharibi na tarawehe tunasali usiku ule ule kabla hatujafunga hata siku moja. Mzee aliipanga saa ya Kijapani ifate siku ya Kiislamu, mafundi wanamwambia mbovu yeye anacheka.

Kwa hiyo hiyo tarehe unayoikimbia kwenye Aqua Terra ndiyo ya kuifata. Mchana unapoandika risiti itakuwa sawa sawa na kalenda ya ukutani, itatangulia tu baina ya magharibi na saa sita usiku, na saa hizo banda limefungwa.

Namna ya kuiweka ni hii. Ifanye asubuhi, tuseme saa nne. Fungua kile kichwa cha pembeni, kivute mpaka mwisho, zungusha mishale mbele mpaka uone tarehe imeruka kule chini kwenye 6. Hapo saa inaona ni magharibi. Endelea mbele, mishale ipite 12 mara moja, hiyo alfajiri, endelea mpaka 4, simama. Kisha kirudishe kichwa hatua moja, hapo unabadilisha tarehe peke yake mpaka ifike ya leo, halafu kisukume ndani na ukikaze. Miezi isiyofika 31 utaisogeza mwenyewe, mara tano kwa mwaka, na kila ukiisogeza fanya asubuhi tu, usiiguse tarehe kuanzia saa nane mchana mpaka saa mbili usiku maana meno ya ndani yanakuwa yanajitayarisha kuirusha na unaweza kuyavunja.

Jioni ya siku hiyo usiende popote. Kaa barazani na mkeo na watoto wote watatu, muitazame kuanzia saa kumi na mbili kasoro dakika chache.

Ami